Mkono wa Avelina

Projestus alikuwa karani wa ghala bandarini, na kama makarani wengi wa miaka ile ya hamsini, aliamini kwamba hakuna jambo lisilonyooka likishawekwa kwenye karatasi. Kwa hiyo Mwalimu Kasimiri alipomwambia kwamba shule iliyo karibu na kota za Temeke itafungua darasa jipya la kwanza baada ya likizo ya Pasaka, watoto arobaini tu, aliuliza swali moja: mtihani ni wa nini?

"Mtihani gani, bwana? Mtoto anapitisha mkono juu ya kichwa, anashika sikio la upande wa pili. Akilifikia, umri umefika. Asipolifikia, arudi mwakani."

Projestus alicheka. Kwao Bukoba padri alimuuliza katekisimu, hakumpima mkono. Alijisemea kwamba kipimo hicho ni cha watoto wasiojua kitu. Mwalimu akimsikia Avelina anasoma, mwenyewe ataona haya kumshikisha masikio.

Avelina, mtoto wake wa kwanza, alitimiza miaka saba siku za Noeli. Alikuwa mdogo wa umbo, na kichwa chake kilikuwa kikubwa kuliko haki yake. Mama yake, Eufrazia, alishampima mara mbili kimyakimya jikoni, na mara zote mbili vidole viliishia kwenye nywele.

"Baba Avelina, mfundishe tu, sikukatazi," alisema. "Lakini mkono haufiki. Mwache akue, ataingia mwakani."

"Bernadeta naye aliambiwa mwakani."

Bernadeta ni dada yake Projestus. Aliambiwa asubiri mwaka mmoja, mwaka ukaleta mwingine, na sasa ana watoto watano na barua zake anasomewa na majirani. Projestus hakuwahi kulimeza jambo hilo, na kila alipomtazama Avelina lilimkaba upya.

Basi akaomba likizo ya wiki nzima. Bwana mkubwa wake ofisini aliwahi kumwambia kwamba watoto wa Ulaya hufundishwa kwa kuchezeshwa na kutembezwa, na Projestus akaliona wazo hilo kuwa jema sana. Tatizo ni kwamba kucheza kwenyewe hakukujua. Alicheza na watoto kama anavyokagua shehena. "Sasa tunacheza," alikuwa akisema, mikono nyuma. "Avelina, soma. Didas, simama vizuri."

Didas ndiye wa pili. Alikuwa na miaka mitano na nusu, ameshampita dada yake kwa kimo, na Eufrazia alikataa katakata kubaki naye. "Ukitembeza watoto, tembeza wote," alisema, akarudi kwenye nguo zake.

Jumanne wakaenda relini kusoma herufi kwenye mabehewa. Masika ilikuwa imeshika kasi. Avelina alisoma mabehewa sita, mvua ikashuka, na Didas akakaa kwenye tope akakataa kunyanyuka mpaka aahidiwe muwa. Projestus alimbeba mgongoni hadi nyumbani, shati lake jeupe likawa halitamaniki.

Jumatano wakavuka kwa pantoni kwenda Kigamboni. Avelina aliwasomea abiria tangazo lililobandikwa, neno kwa neno, na mama mmoja akampa andazi. Hapo Projestus alivimba kichwa, tusimfiche. Akamgeukia Didas, akamtaka ahesabu abiria.

"Moja, mbili, mbuzi," alisema Didas, maana mbuzi alikuwepo kweli.

Ng'ambo, Projestus alivua viatu ili aandike herufi kwenye mchanga. Aliandika mstari mzima. Alipoinua macho, Didas alikuwa amekizika kiatu kimoja na hakumbuki ni wapi. Walifukua mpaka maji yakajaa. Karani mzima akarudi Temeke pekupeku, kiatu kimoja mkononi.

Jirani yao, Bibi Mwamvita, alikuwa barazani.

"Shikamoo bibi," walisema watoto.

"Marahaba wajukuu zangu. Baba Avelina, kiatu kingine umemwachia nani?" Hakungoja jibu. "Wenzio wiki hii wanawaning'iniza watoto kwenye fremu za mlango warefuke mikono. We unafundisha kusoma. Kusoma si ndiko wanakokwenda kufundishwa huko shule?"

Projestus aliingia ndani. Lakini Alhamisi asubuhi, bila kutazamana na mkewe, alimnyanyua Avelina akamning'iniza mlangoni. Didas akalia naye aning'inizwe. Kwa siku tatu zilizobaki mtoto huyo hakuteremka. Alining'inia mlangoni, dirishani, na kwenye shingo ya baba yake akiwa anakula. Projestus aliomba Jumatatu ya kupimwa ifike haraka.

Ilifika. Foleni ilikuwa ndefu, na zamu yao ilipowadia zilikuwa zimebaki nafasi mbili. Projestus alimwomba mwalimu ampe Avelina kitabu. Mtoto akasoma ukurasa wote, hakukwama hata mara moja.

"Vizuri sana," alisema Mwalimu Kasimiri. "Sasa mkono."

Avelina alipitisha mkono juu ya kichwa, akainamisha shingo, akauma mdomo. Vidole vilikoma juu kidogo ya sikio.

"Mwalimu, ana miaka saba. Cheti cha ubatizo hiki hapa."

"Kila mzazi hapa ana cheti, na kila cheti kina miaka saba. Mwakani, bwana."

Didas, aliyekuwa kando, alidhani mchezo umeanza. Alitupa mkono juu ya kichwa, akalikamata sikio, akalivuta.

"Na huyu?" aliuliza mwalimu.

"Huyu hajui hata a."

"Atajifunza. Jina lake?"

Projestus alitamani kukirarua kitabu cha majina cha mwalimu. Alitamani kusema mtoto hajatimiza hata miaka sita. Nyuma yake mzazi mwingine alikuwa ameshasogeza mtoto wake mbele.

"Didas Projestus," alisema, na akaona aibu kwa jinsi alivyolitamka upesi.

Mwalimu akampa Didas kibao na chaki, jina liandikwe juu kisipotee. Didas alikitazama, akampa dada yake, kama alivyompa kila kilichomshinda. Avelina akachuchumaa, akaandika jina la mdogo wake kwa herufi zilizonyooka, kisha akakitoa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Mwalimu Kasimiri alikishika kwa muda, akikitazama kibao, hakumtazama mtoto.

"Mwandiko mzuri," alisema hatimaye. "Mpe mwenyewe. Anayefuata."

Walirudi kwa miguu mpaka kwenye kona ya kota.

"Baba," alisema Avelina, "mie nimekosea wapi?"

"Hujakosea."

Alimwambia mara mbili kwamba hajakosea. Lakini Avelina alikuwa ameshakichukua tena kile kibao mikononi mwa Didas, anakipitia herufi moja moja, akitafuta kosa.