Mume wa Robi

Mimi Wegesa nimewahi kuwa mume, na nilikuwa mume wa hovyo. Mungu alinipa mabinti wawili, wa kiume akaninyima, kisha akamchukua mzee wangu. Kwa mila yetu Wakurya, mjane wa namna hiyo anaoa. Nilitoa ng'ombe wa mahari ya binti zangu, nikamwoa Robi kutoka Kewanja ili anizalie watoto wa kubeba jina la marehemu. Ndiyo nyumba ntobhu. Kwenye pombe nilikaa upande wa wanaume nikisema, "Mke wangu yuko shambani," mpaka watu wakanichoka.

Mume huyu alikuwa na upungufu mmoja, mnaujua. Kwa hiyo nilimtafutia Robi mwanaume wa kuzaa naye. Nilimchagua Machage mwenyewe, kama ninavyochagua dume la zizini: kifua, meno, ukoo. Tabia sikuuliza.

Watoto wawili walipatikana, na kipigo nacho kikaanza. Zamani miji yetu ilikuwa mbalimbali, mtu angepigwa bila jirani kujua. Sasa tulikuwa tumehamishiwa kijijini, nyumba zimepangwa mstari, na mstari mzima ulisikia. Hakuna aliyetoka. Siku Machage alipomvunja Robi mkono nilimwendea na mwiko wa ugali. Aliuchukua mkononi mwangu taratibu, akauweka chini. Mume mzima, nikapiga yowe.

Nilikimbilia kwa Joram, balozi wetu wa nyumba kumi. Nilimkuta anakunywa na huyo huyo Machage. "Mama, mke asipopigwa ataonaje kwamba anapendwa?" akaniuliza. Nikaenda kwa mwandishi wa barua za mashtaka, akataka beberu kabla hajashika kalamu. Beberu nilikuwa naye, ila uchoyo nao ni maradhi. Ndipo nikasikia kwamba Tarime, katika ofisi ya Umoja wa Wanawake, mtu anasaidiwa bure. Neno "bure" lilinipandisha lori la mahindi siku hiyo hiyo, Robi kando yangu, mkono umefungwa kwa khanga.

Tulipokewa na katibu wao, Felista, mwanamke wa miwani.

"Shikamoo mama. Mume wa huyu yuko wapi?"

"Marahaba. Ni mimi."

Akavua miwani. "Kwa hiyo wewe ndiye uliyemvunja?"

"Hapana! Mimi ni mume mzuri."

Robi akatazama dirishani.

Felista alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kumvunja mtu mkono ni kosa hata kwa mume. Lakini Machage atadai ni mke wake, balozi atamuunga mkono, na hakimu akisikia neno mke atawarudisha nyumbani mkapatane. Mahari ulitoa wewe, kwa hiyo neno lako litasikilizwa. Sema Robi si mke wa mtu. Si wa Machage, wala si wako."

"Na ng'ombe wangu?"

"Sheria ya ndoa haiwajui, maana haimjui mume mwanamke."

"Nikisema hivyo, Robi anaweza kuondoka na watoto?"

"Anaweza," akajibu, wala hakupunguza sauti. Robi alisikia.

Felista alitupeleka polisi na hospitali, hakutaka hata yai. Mahakama ya mwanzo haina mawakili, kila mtu anajisemea, hivyo alinifundisha kusema pale kwenye baraza ya ofisi yake. Kila nikijaribu, nilitoa, "Robi si mke wa mtu mwingine."

"Mama, ondoa hilo 'mwingine'."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mgongo wangu ulikuwa mgumu.

Siku ya kesi, mstari wetu wote ulijaa mahakamani. Machage akasema, "Ndugu hakimu, huyu ni mke wangu, nilikuwa namfundisha."

Hakimu akanigeukia. "Mama, huyu ni mke wa nani?"

Niliogopa. Niliwaona watoto wakiondoka, jina la mzee wangu likifutika, nami nikibaki peke yangu na ng'ombe waliosalia. Kisha nikautazama mkono wa Robi. Ulikuwa umeunga vibaya.

"Si mke wa mtu," nikasema.

"Hata wako?"

Watu wakacheka. "Hata wangu."

Machage alifungwa. Nje, Robi alinisubiri na mtoto mdogo. Mkubwa tulikuwa tumemwacha kwa binti yangu.

"Mama," akasema, "kwako nilikuwa mke. Sasa nikirudi nitakuwa nani?"

Nilinyoosha mikono nimpokee mtoto, hakunipa bado.

"Nitarudi," akasema. "Lakini hutaniletea mwanaume tena. Nikimtaka nitamleta mwenyewe. Nisipomtaka, usiniulize."

Nilikubali upesi, nisije nikaharibu. Akanipa mtoto, maana mkono ule ulikuwa bado hauwezi kubeba, akashika njia bila kugeuka. Kwetu mume hutangulia, na mke hufuata na mzigo. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikafuata.