Mpaka Uliokiacha Kijito

Isihaka Mwinyimadi hakuwa mtu wa kuambiwa akaamini. Mwaka arobaini na nane, serikali ya Mwingereza ilipohesabu watu, yeye ndiye aliyemwongoza karani nyumba kwa nyumba pale Mkuza, na jioni alimrudisha alikotoka kuuliza kama watoto wachanga nao wameandikwa. Watu walimcheka. Hakujali.

Miaka mitatu baadaye zikaja habari kwamba nchi itagawanywa upya kwa kufuata hesabu ile. Kila sehemu ingechagua mtu wake wa kwenda kukaa kwenye baraza la wilaya, Kisarawe, na sehemu zote zilitakiwa zikaribiane kwa wingi wa watu. Jumbe Salumu alitangaza kuwa mpaka wa Mkuza na Pangani, kijiji cha jirani, ni kijito. Isihaka akaajiriwa pamoja na wenzake wanne kuufyeka. Abdala, karani wa Jumbe, alitangulia akichomeka vigingi, wao wakafuata na mapanga.

Siku mbili walikwenda na maji. Siku ya tatu vigingi vikakiacha kijito, vikapanda upande wa Mkuza na kupita nyuma ya mikorosho ya Thadeo.

"Karani, kijito kimebaki kule," Isihaka alisema.

"Nimekiona."

"Jumbe alituambia mpaka ni kijito."

"Kazi yako kufyeka, Bwana Isihaka. Karatasi niachie mimi."

Thadeo alikuwa mkulima, tena mwalimu wa dini wa Wakatoliki. Tangu mwaka uliopita alikuwa akimpinga Jumbe mbele za watu, kwa kuwa kila kazi ya barabara ilipotokea walitolewa watu wale wale. Wengi walitaka yeye ndiye aende barazani. Jumbe alimtaka mpwa wake. Isihaka alifyeka huku akitazama nani anaangukia wapi. Nyumba kumi na tisa za watu wa Thadeo, na yake mwenyewe Thadeo, ziliingia Pangani. Mbele kidogo vigingi vikateremka, vikavuka maji, vikazizoa nyumba za wakwe wa Jumbe na kuzileta Mkuza.

Nyumbani alimsimulia mkewe, Mwanamvua.

"Huenda wamekwepa bonde," mkewe alisema.

"Bonde gani linalochagua watu?"

"Basi wamewachagua kwa panga lako, Baba Zubeda."

Neno hilo lilimchoma. Kesho yake hakwenda kufyeka. Alikwenda kwa Thadeo, na njia nzima alijiuliza kama Thadeo naye hakuwa na lake na Jumbe, maana mtu anahamishwa na nyumba yake na hasemi kitu? Kumbe Thadeo alidhani ile ni njia ya gari inapimwa. Alipoelewa, akataka kuandika barua.

"Usiandike," Isihaka alimwambia. "Watasema unajitafutia kiti." Hakumwambia lile jingine: kwamba yeye hajui kusoma, na hakuwa tayari kubeba maneno asiyoyajua.

Alitembea mpaka boma la Kisarawe. Karani wa mlangoni akamwambia aseme shauri lake, litafikishwa. Alikuwa mpole mno, na aliuliza hali ya Abdala kabla Isihaka hajamtaja mtu. Isihaka akasema atangoja. Akangoja siku mbili, hadi Bwana Shauri mwenyewe, Mzungu mkuu wa wilaya, alipotoka kwenda kwenye gari.

"Nani amekutuma?" Bwana Shauri aliuliza.

"Hakuna, bwana. Mpaka huo nimeufyeka mimi."

Akamtajia nyumba moja moja, mwenye nyumba na watu wake, upande huu na upande ule. Bwana Shauri alirudi ndani akafungua ramani. Kwenye ramani mpaka ulikuwa kijito.

Juma lililofuata alikuja, akautembea mpaka wote kwa miguu, Jumbe akiwa nyuma yake. Upande wa Thadeo vigingi vilirudishwa majini. Nyumba za wakwe wa Jumbe ziliachwa Mkuza. Bwana Shauri alisema hazibadilishi hesabu sana. Abdala alihamishwa. Jumbe alibaki na ujumbe wake, na Isihaka hakuitwa tena kwenye kazi yoyote ya serikali. Walikuwapo majirani walionong'ona kwamba Thadeo alimhonga.

Siku ya kuchagua, watu walipanga mistari nyuma ya wanaowataka. Thadeo alimshinda mpwa wa Jumbe kwa kumzidi watu kumi na mmoja. Jioni alikuja kumshukuru Isihaka, akamkuta uani anakoka moto.

"Watu wakihesabiwa tena," Isihaka alimuuliza, "vigingi atachomeka nani?"

Thadeo alicheka.

"Sikutanii, Mwalimu."

"Nitakuita uje utazame."

"Hata usiponiita, nitakuja," Isihaka alisema, akamsogezea kigoda aketi.