Mkaguzi aliyepimia hewa barazani

Leo nimemwona mtaalamu wa hewa akiikimbia hewa.

Mama anakohoa tangu mwenye nyumba azibe dirisha la chumba chake. Ukuta mzima umeota ukungu. Tukalalamika, akatuletea mkaguzi hapa mtaani Langoni.

Bwana mkubwa kaja na miwani myeusi na kipimo chake, kakaa barazani. Barazani, jamani! Upepo unampeperushia karatasi, naye anaandika: "Hewa safi."

Nikamwambia, "Mgonjwa halali hapa. Ingia chumbani."

"Si lazima, dada. Hewa ni ile ile."

Mama akatoka taratibu, akamshika mkono. "Karibu mwanangu, keti kitandani kwangu kidogo tu."

Akaona haya kukataa.

Dakika mbili hakumaliza! Kipimo kikaanza kulia, naye akatoka mbio, macho mekundu, anapiga chafya na kuomba maji.

Mama akampa. Mimi nisingempa.

Na bado alitaka kuondoka na karatasi yake ya "hewa safi". Nikasimama mlangoni mpaka akaifuta, akaandika, "Chumba hakifai kulaliwa, dirisha lizibuliwe," akatia sahihi.

Mama yuko chumbani kwangu sasa, kalala bila kukohoa.

Haya semeni, nyinyi mngempa maji?