Mihogo ya Nabii wa Ushirombo

Harufu ya karanga za kukaanga hunirudisha Ushirombo ya miaka ile ya sabini, na aibu hunipanda upya. Mhubiri kutoka ng'ambo alikuja kutufundisha unabii wa Danieli. Mimi, mwalimu kijana mwenye koti la kuazima, nilikuwa mkalimani wake. Alieleza kwa upole kwamba Wakristo wanauelewa unabii huo kwa namna mbalimbali, na siku ya Yesu kurudi haijulikani. Nikaona maneno hayo yamepoa mno. Nikawatangazia watu kwa Kisukuma: "Mavuno yakifika, sisi tutakuwa mbinguni!" Kanisa zima likalia. Nami nikavimba kichwa.

Kesho yake asubuhi nilikuwa shambani, jasho linanitoka. Mama Kulwa, mjane jirani yetu, akapita na kapu kichwani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nampelekea mgeni karanga. Nimekaanga mbegu zote, mwalimu. Nipande za nini tena?"

Kisha akayaona matuta yangu mapya, yamechomekwa vijiti vya mihogo, ile inayokaa ardhini miaka miwili. Akatua kapu polepole.

"Mwalimu, na mihogo hii utaila na nani?"