Rasta za Kwanza za Binti Yangu

Mimi ni msusi mkali. Mteja akikaa kwenye kigoda changu hapa Bariadi, hasa Septemba na Oktoba jua linapochoma kuanzia asubuhi, lazima asikie mahubiri kabla sijashika kitana. Namwambia jasho na vumbi vikikaa chini ya rasta vinageuka tope. Namwambia aoshe ngozi ya kichwa kila wiki, akaushe vizuri, apulizie maji yenye mafuta ya nazi, asifunge kilemba kichwa kikiwa kibichi. Na rasta zikiuma, namwambia, rudi nizifumue, usijifanye shujaa. Wateja wananitania kwamba nasuka kwa mdomo kuliko kwa vidole.

Yote hayo nilikuwa nayajua siku nilipomsuka binti yangu.

Alikuwa amemaliza darasa la saba. Kwetu msichana anaanza shule ya msingi akiwa amenyolewa, anamaliza akiwa amenyolewa, na akifika sekondari wembe unamsubiri tena. Katikati hapo ana miezi michache tu ya kuwa na nywele. Wangu alianza kuzifuga kwa ujanja tangu likizo ya Juni, na kufika Oktoba zilikuwa na urefu wa pingili moja ya kidole. Mdogo wangu alikuwa na sendoff, sherehe ya kumuaga kabla ya ndoa, Jumamosi ya wiki iliyofuata, na binti yangu alipangwa miongoni mwa wasichana wa kumsindikiza ukumbini. Nilitaka watu wakimwona wajue ametoka mikononi mwa nani.

Nywele fupi zinateleza. Ili zishike rasta za dukani lazima uzivute kutoka kwenye shina, na mimi nilizivuta. Nilisuka nyembamba, nyingi, ndefu mpaka kiunoni. Machozi yalimtoka, nikamwambia atulie. Nilipomaliza, nyusi zake zilikuwa zimepanda juu na vipele vidogo vimejipanga kwenye paji la uso. Angekuwa mteja, ningezifumua palepale na kumwomba radhi.

Kesho yake akaenda Ipililo kumsalimia bibi yake, mama mzazi wa mume wangu, anayelima na kufuga huko. Nilimpa chupa ya kupulizia yenye maji na mafuta ya nazi, na maelekezo marefu. Jumanne jioni akanipigia kwa simu ya bibi yake. Kichwa kilikuwa kinamwasha mpaka halali, alisema, na sehemu nyingine zinatoa maji. Aliomba bibi azifumue. Nilikuwa na mteja mkononi, nikajibu bila hata kufikiri.

"Ukizifumua, sendoff huendi. Vumilia mpaka Jumamosi."

Akasema sawa mama.

Alhamisi mchana nikaenda kumchukua. Nilimkuta kwenye mkeka, kwenye kivuli chembamba cha ukuta, amelala ubavu na mate yanamtoka. Bibi yake alikuwa amepiga magoti anampepea kwa pindo la kanga. Mtoto alikuwa ametapika mara tatu. Nilimwita, akafungua macho, lakini hayakutulia kwangu. Nilipomshika kichwa, rasta zilikuwa mbichi, na harufu niliyoisikia haikuwa ya nazi. Kila aliyekulia karibu na zizi anaijua harufu ile. Chupa yangu ya kupulizia ilikuwa pale pale mkekani, na ndani yake maji yalikuwa meupe kama maziwa.

"Mama, umempulizia nini?"

"Ile ya kupe, mayu. Tunayoogeshea ndama. Nimepunguza nusu, kwa kuwa ni mtoto."

Alinijibu kwa upole, akiniita mama kwa lugha ya kwao, kama mtu aliyefanya kazi yake kwa uangalifu. Mtoto alikuwa analia kwa kuwashwa, na kwa bibi yule kinachowasha ni mdudu, na dawa ya mdudu ilikuwepo nyumbani. Alimpulizia asubuhi, mtoto akadhani amepata nafuu, akaomba tena. Ilipita moja kwa moja kwenye vidonda, juani. Nilimwinua mtoto kutoka mkekani.

Bodaboda aliyenileta alikuwa bado hajaondoka. Tulipanda mishikaki: dereva mbele, mtoto katikati, mimi nyuma nimembana kwa mikono yote miwili. Kichwa chake kilikuwa kinanigonga kifuani kila tulipopita kwenye shimo. Nilimsemesha njia nzima, nikimwambia ataje majina ya wenzake wa darasani, na kila baada ya jina alichelewa zaidi.

Zahanati ilikuwa na nesi mmoja zamu hiyo. Nilimweleza kwa maneno machache, akavaa glavu, akanipa na mimi jozi.

"Dawa bado inaingia kupitia kichwani," akasema. "Hizi nywele zitoke sasa hivi."

Nilimwambia mimi ni msusi. Akanikabidhi mkasi, yeye akashughulika na mkono wa mtoto akitafuta mshipa. Nami nikaweka mkasi kando, nikashika ncha ya rasta ya kwanza, nikaanza kufumua. Nilifumua nzima. Nikashika ya pili. Ningependa kusema vidole vilifanya tu vilichozoea, lakini ukweli ni kwamba kipande cha akili yangu kilikuwa bado kinaifikiria Jumamosi, kwamba nywele zikibaki naweza kuzisuka upya.

"Mama, unafanya nini? Kata."

Nikakata. Nilikata karibu kabisa na ngozi, na rasta zilianguka sakafuni zikiwa nzito kwa ile dawa. Chini yake ngozi ilikuwa nyekundu, yenye mistari ya kucha alizojikuna. Nilimnyoa na zilizobaki. Tukamvua nguo, tukamwosha kichwa kwa sabuni na maji mengi, tukarudia, tukarudia tena. Hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililoniogopesha zaidi.

Tukiwa bado tunamwosha, mama mkwe akaingia. Alikuwa amekuja kwa miguu, mbio, mwanamke wa umri ule, na mkononi ameshika kopo lenyewe la dawa. Nesi alisoma maandishi yake, akampigia simu daktari, akarudi na sindano ya kupambana na dawa ile. Kisha akauliza ni nani aliyemwekea mtoto sumu hii.

"Ni mimi," akasema mama mkwe.

Nesi akamwuliza kama mjukuu wake ni ng'ombe. Alimsema mbele ya wagonjwa waliojaa mlangoni, na yule mama akasimama ameinamisha kichwa, kanga imelowa jasho mgongoni. Mimi nilikuwa hatua mbili kutoka pale. Nilikuwa na la kusema na sikulisema. Niliendelea kumfuta mtoto miguu, ambayo ilikuwa imeshakauka.

Tulimlinda usiku kucha. Pumzi yake ilikuwa inakatika, inarudi, na nesi alikuwa akija kumpima kila mara. Alfajiri macho yake yakatulia kwangu. Kulipopambazuka aliomba uji, na nilikwenda nyuma ya jengo nikalia kwa furaha na kwa aibu.

Asubuhi nesi akaja na daftari. Alimpima, akasema joto la mwili liko sawa, kisha akamwuliza mtoto mwenyewe mambo yalianzaje. Binti yangu alimtazama nesi, mimi hakunitazama.

"Nilimwomba mama zifumuliwe, akakataa. Bibi ndiye aliyenihurumia."

Nesi akaacha kuandika. Mama mkwe alikuwa amekaa sakafuni karibu na kitanda tangu jana, bila mtu kumsemesha. Aliinua uso akasema mtoto bado ana homa, hajui anachosema. Sote wanne tulikuwa tumesikia kwamba homa hana.