Binti yangu alivyoruka vizuizi kwenye show ya farasi Sydney, na farasi akagoma

Wakuu, habari za huko mliko.

Ninayoandika hapa niliyaona mwenyewe. Mke wangu naye ni member humu, nikizidisha chumvi atanisahihisha.

Naishi Bankstown, naendesha lori la makontena Port Botany. Wife ni nesi hospitali ya Westmead. Binti yetu Neema alikuwa na miaka kumi na tatu Corona ilipotufungia ndani. Shule ikawa ya laptop, marafiki wakapotea, mtoto akawa halali vizuri wala haongei.

Lockdown ilipoisha, mama mmoja wa Kizungu tunayesali naye, Margaret, akatuambia ana farasi shambani na anatafuta wa kumsaidia kusafisha mazizi weekend. Neema akasema, "I'll go."

Nikajua atachoka wiki ya kwanza tu.

Hakuchoka. Akajifunza kupanda, akajifunza kuruka, mpaka Margaret akamwandikisha kwenye show kubwa na kumwazima farasi wake jike, Duchess.

Wife akapinga. "Akivunjika mguu utamleta huko huko kwangu Westmead, na sitakuelewa."

Nikamwambia mtoto amejiandaa, na mimi nitakuwepo.

Siku yenyewe wife alikuwa zamu kazini. Sisi tukavaa barakoa, tuka-scan code getini, tukaingia.

Mimi nilidhani farasi ni farasi tu. Kumbe kuna vile vidogo vya Shetland vinavyokufika kiunoni. Kuna Clydesdale, miguu ina manyoya kama amevaa buti, ukisimama kando yake unajiona mtoto. Kuna farasi wa Kiarabu wanaotembea wamenyanyua mikia. Uwanja mmoja walikuwa wanapiga hatua kwa mdundo kama kwaya inayoingia kanisani, mwingine wanavuta mikokoteni.

Weusi sikuona zaidi yetu. Haikunisumbua. Tulikuja kushindana, si kushangaa.

Zamu ya Neema ikafika. Kizuizi cha kwanza safi. Cha pili safi. Cha tatu kilikuwa na ukuta wa bluu chini, na Duchess alipouona akafunga breki. Neema akaning'inia shingoni, akajivuta mpaka kwenye tandiko.

Akajaribu tena. Farasi akagoma tena.

Kwa sheria zao, mara ya tatu unatolewa.

Margaret akanishika mkono. "She can retire now, no shame in it. You're the dad." Yaani nikimpungia tu, mtoto anatoka. Na simu inatetemeka mfukoni, ni wife.

Nikamwangalia Neema. Hakuwa analia, wala hakunitafuta kwa macho.

Nikasema, "Leave her. She's working."

Neema akainama kwenye sikio la farasi. Watu walikuwa kimya, sisi wa karibu tukasikia: "Usiogope mama. Twende pole pole, tuko wote."

Wakuu, huyu mtoto ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiingereza, miaka yote. Maneno yale ni ya mama yake, ndivyo alivyokuwa akimbembeleza kipindi cha lockdown.

Akamzungusha Duchess, akamleta taratibu, kisha akamwachia. Wakapaa. Vizuizi vyote vilivyobaki wakamaliza bila kuangusha hata mti mmoja.

Ribbon hakupata, kule kugoma kulishamla pointi. Lakini alitoka amenyoosha mgongo, jasho linamtiririka, akaniuliza, "Did you see her, Baba?"

Nikamtumia wife video. Akaitazama kwenye tea break, akapiga. Akasema, "Mwambie Margaret show ijayo naomba leave."

Nilichojifunza: kumlinda mtoto si lazima kumtoa uwanjani. Mwangalie kwanza. Ukiona bado anapambana na hajakata tamaa, kaa pembeni, hata kama moyo unakudunda.

Wenye watoto walioingia kwenye mambo ambayo hamkuyategemea, leteni uzoefu wenu. Nitasoma zote nikiwa foleni ya kupakia bandarini.