Nilimwita Mke Wangu Mpishi Huko Kisiwani

Mwaka wa 1974, nikiwa na miaka kumi na moja, baba yangu alikufa na njaa ikaingia kwetu. Shule niliachia darasa la tatu. Nilichunga mbuzi za watu Kibwezi, nikabeba mizigo Sultan Hamud, nikalala chini ya meza ya muuza nyama. Hakuna mtu alinishika mkono. Nayasema haya kwanza ili mjue mimi si mtu wa kuomba huruma. Nimekosa. Nimekosa vibaya, na ninaandika kwa mkono wangu mwenyewe. Wa kucheka mwandiko acheke.

Mke wangu nitamwita Mama Mumo. Tumekaa pamoja miaka thelathini na nane. Nilipoanza kuuza maji pale Tulia nilikuwa na punda mmoja, na yeye ndiye alikuwa wa pili! Alichimba mchanga wa mto kwa bakuli, akangoja maji yajitokeze, akajaza mitungi, akabeba mgongoni kwa kamba ya kichwa. Hiyo kamba imemwachia alama kwenye paji la uso.

Mimi nikanunua lori. Nikawa mkubwa. Kila harambee nikisimama nasema, "Mimi nilijitengeneza mwenyewe." Yeye ameketi hapo, anasikia.

Mwaka jana binti yetu Mumo, mwalimu huko Kakamega, alikuja nyumbani. "Baba," akasema, "Mama hajapumzika hata wiki moja tangu nimjue. Mpeleke mahali."

Akatoa simu, akatuonyesha picha mbili. Moja ni kisiwa, Zanzibar, mchanga mweupe na minazi. Nyingine ni ule msitu mkubwa wa huko anakofundisha, miti imeziba jua, nyani matawini, mvua karibu kila siku. "Mama ndiye achague."

Mama Mumo alishika simu kwa mikono miwili. Alikuwa hajawahi kuniomba kitu. "Msitu," akasema. "Nataka kukaa kwa kiti niangalie mvua ikinyesha, na mimi nisiweke ndoo nje."

Nilicheka mpaka nikakohoa. "Wewe umechota maji tangu uzaliwe na bado unataka kuona maji? Na nyani! Mtu alipe aone nyani, na Kibwezi wanatumalizia mahindi bure?"

Ukweli ni huu. Kuna mfanyabiashara mwenzangu alienda Dubai, na tangu arudi, kila Jumapili kanisani lazima ataje ndege. Mimi nilitaka pasipoti yangu ipigwe muhuri. Nikalipia kisiwa. Yeye hakuulizwa tena.

Ndani ya ndege Mama Mumo alipata kiti cha nyuma, mimi nikakaa na wanaume wawili wa Nairobi, wahandisi wa miradi ya maji, pamoja na wake zao wa miwani nyeusi. Tuliongea vizuri sana. Kumbe hoteli ni moja! Nikaona huu ni mlango wa kazi kubwa.

Tulipofika pale mapokezi, Mama Mumo alifungua mzigo wake akatoa mtungi wa plastiki, wa manjano, mtupu. Kwetu mtu hatoki kwenda asikokujua bila mtungi. Huwezi kujua kisima kiko umbali gani. Akamuuliza yule kijana wa mapokezi, kwa adabu kabisa, "Mwanangu, maji mnachota wapi?"

Wale wanawake wa miwani walicheka. Mhandisi mmoja akaniuliza, "Mzee, huyu mama ni nani?"

Nikasema, "Huyu? Ni mpishi wangu. Mimi sili chakula cha kila mtu."

Woi! Mdomo huu!

Kijana wa mapokezi akasema basi kuna vyumba vya madereva na wasaidizi wa wageni, huko nyuma ya jikoni. Nilingoja Mama Mumo anitukane. Ningefurahi kama angenitukana. Alinitazama kidogo tu, akaokota mtungi wake. "Sawa, mkubwa," akasema, akamfuata kijana.

Na mimi nikamwacha aende! Siku nne! Nililala peke yangu kwa kitanda cha kulala watu watano.

Hapo bado. Uongo unataka kulishwa. Siku ya pili tumekaa ufuoni na wale wahandisi, nikamwona anapita na karai la vitunguu, anasaidia wanawake wa jikoni. Nikapaza sauti, "Wewe mpishi! Leta viatu vyangu!" Akaleta. Akapiga magoti mchangani akanivalisha, na magoti yale ni mabovu, mimi najua. Mmoja wa wale wanawake akampa noti ya bakshishi. Akaipokea kwa mikono miwili. "Asante, madam."

Kazi ya wahandisi? Sikupata. Hata simu yangu hawashiki.

Tuliporudi Nairobi, pale uwanja wa ndege aliniambia, "Naenda kwa Mumo."

"Nenda," nikamjibu. "Njaa itakurudisha."

Baada ya wiki Mumo alinitumia picha. Mama yake amesimama nje ya nyumba ya wageni kule msituni, mvua inamnyeshea kichwani, hajajifunika, anacheka. Miaka thelathini na nane sikuwa nimeona hayo meno yote.

Kutoka huko akaenda kwa kaka zake Kibwezi. Nilimaliza miezi miwili nikijifanya mwanaume. Halafu nikachukua wazee wawili na mbuzi watatu wazuri, nikaenda kuomba msamaha kama desturi inavyotaka.

Kaka yake mkubwa hakutupa hata viti. Nikasema, "Shemeji, nimekuja."

"Shemeji wa nani? Ntheo ulileta lini?"

Ntheo ni mbuzi watatu, wawili wa kike na beberu mmoja, na kwa Wakamba bila hao msichana hajaolewa, hata azae kumi. Wakati ule sikuwa na kitu. Nilipopata, nikajiambia mtu mkubwa kama mimi sitafukuzana na mambo ya mbuzi.

"Basi ndio hao," nikasema. "Pokeeni leo."

Wakamwita mwenyewe aseme kama wapokelewe. Alitoka amebeba chai ya wale wazee wangu. Yangu hakuna. Akawaangalia mbuzi, akaniangalia mimi.

"Mkubwa," akasema, "mke ndiye huletewa mbuzi. Mpishi akiacha kazi, huandikwa mwingine."

Wazee wangu wenyewe wakacheka ndani ya vikombe!

"Mama Mumo, tafadhali..."

"Ulisema mbele ya watu, na hukukosea. Kwetu hapa mimi ni msichana wa nyumbani. Rudisha mbuzi kabla hawajakula mbaazi zetu."

Wewe unayesoma, uliyejenga jina lako juu ya mgongo wa mtu, acha kiburi. Ukiambiwa umpeleke mahali, mpeleke anapotaka yeye. Na ukiulizwa huyu ni nani, jibu vizuri, kwa sababu hilo jibu halirudi mdomoni. Wale mbuzi wawili wa kike peleka leo, na yule beberu wa tatu, hata kama umeshazeeka.

Mimi leo nina malori manne ya maji. Visima viwili vya kuchimba, kimoja Tulia na kingine Sultan Hamud. Shamba Kibwezi, karibu na mto. Nyumba ya vyumba saba yenye bomba kila chumba. Pasipoti yenye muhuri. Sijaoa.